Si Taifodi, ni Taifasi: Homa ya Viroboto Inapomfikisha Mgonjwa ICU



Naandika kutoka Sterling, Virginia. Leo naomba tuweke kando siasa na mijadala yetu ya kawaida, nizungumzie ugonjwa. Kabla sijaenda mbali niseme wazi: mimi ni daktari wa vitabu, si daktari wa wagonjwa. Shahada yangu ya uzamivu ni ya mikrobaiolojia, niliipata huku ugenini, na kazi yangu ni kufundisha. Kwa hiyo haya nitakayosema hayachukui nafasi ya daktari wako. Ila yapo mambo ambayo daktari wako hatayajua mpaka wewe umwambie, na hayo ndiyo yaliyonifanya nikae chini niandike.

YALIYOTUKUTA

Julai 2018 mama mkwe wangu alitutembelea kutoka Tanga. Uwanja wa Dulles uko jirani yetu kabisa, nikaenda kumpokea mwenyewe. Alishuka mzima, mizigo imejaa ubuyu na achari, akaanza kuwadekeza wajukuu. Siku ya sita akapata homa, na kichwa kikamuuma kiasi kwamba hakutaka taa iwashwe.

Sisi, kama kila Mswahili, tukasema malaria. Bima ya wageni tuliyomkatia ilikuwa ndogo, na wenzangu mnajua hesabu za hospitali za huku. Basi tukampa Panadol siku mbili. Siku ya tatu tukampeleka kwenye kliniki ndogo, tukaambiwa ni kirusi, anywe maji apumzike. Siku ya tano akaanza kuchanganya maneno, akawa ananiita kwa jina la marehemu mumewe. Tukakimbilia hospitali. Damu ikapimwa malaria mara tatu, hakuna. Siku ya saba ya homa alikuwa ICU: presha imeshuka, figo zinagoma, mapafu yamejaa maji, mashine inampumulia. Antibiotiki kali mbili zilikuwa zinaingia kwenye mshipa, seftriaksoni na vankomaisini, na homa haikushuka hata nukta.

Sasa sikilizeni. Alipofika hospitali, kabla hajazidiwa, aliulizwa kupitia mkalimani wa simu: "Umeumwa na kupe?" Hapa Loudoun County wakati wa joto kila daktari huuliza kupe, maana ugonjwa wa Lyme na homa nyingine za kupe zipo. Mama akajibu hapana. Na kweli, hakuumwa na kupe. Swali likafungwa hapo. La viroboto halikuulizwa, na sisi hatukulitaja.

Aliyelifungua ni daktari mmoja wa magonjwa ya kuambukiza ambaye aliwahi kufanya kazi kusini mwa Texas. Alimuuliza mke wangu: "Nyumbani kwa mama kuna paka? Kuna panya?" Mke wangu akainamisha kichwa. Kumwambia mgeni kwamba kwenu kuna panya ni kama kuivua nguo nyumba ya mama yako. Ilibidi nidakie mimi. Kumbe kabla ya safari mama alisafisha ghala la mahindi nyuma ya nyumba. Wajukuu wa kule walikuwa wametega sumu, panya wakafa wengi, na siku zile mama alimlalamikia binti yake kwa simu kwamba viroboto wanamla miguu. Maneno hayo mke wangu alikuwa nayo muda wote! Hakuna aliyemuuliza, na mwenyewe hakuona kama yana uhusiano.

Daktari hakungoja kipimo. Aliagiza doksisaiklini ya mshipa jioni ile ile.

Hapo ndipo kulipotokea la pili. Mkalimani alipotafsiri jina la ugonjwa, akasema "taifodi". Shemeji yangu aliyekuwa Tanga, anasikiliza kwenye simu, akaja juu: "Taifodi gani? Mama alishatibiwa taifodi mwezi wa tano, dozi akamaliza! Hao wanamjaribia dawa." Mke wangu akaanza kusita. Dawa ambayo ingemwokoa mama yake nusura ikataliwe kwa sababu ya silabi mbili.

Ilitolewa. Baada ya siku mbili homa ikavunjika. Siku ya tano mashine ya kupumulia ikaondolewa. Figo zilichelewa, lakini zikarudi. Alhamdulillahi, mama yuko Tanga hadi leo na ghala halina panya.

TAIFASI NI KITU GANI

Tuanze na jina, maana humu wengi ni watu wa lugha. Neno la Kigiriki "tifos" lina maana ya moshi au ukungu, na waganga wa zamani wa Ulaya walilitumia kwa mgonjwa ambaye akili yake imefunikwa na ukungu wa homa. Taifodi maana yake ni "inayofanana na taifasi". Ni mwaka 1837 tu ndipo daktari William Gerhard wa Philadelphia alipoonyesha waziwazi kwamba haya ni maradhi mawili tofauti. Taifodi, ambayo sisi huiita homa ya matumbo, hutokana na bakteria wa jamii ya salmonela na huingia kwa chakula na maji machafu. Taifasi husababishwa na bakteria wadogo sana waitwao riketsia, na huletwa na wadudu. Dawa zake hazifanani.

Na taifasi zenyewe ziko zaidi ya moja. Ile ya chawa ndiyo ya vita na kambi za wakimbizi; mwaka 1997 iliwapata makumi ya maelfu ya ndugu zetu wa Burundi, wakaiita sutama. Ninayoizungumzia mimi ni ya viroboto, na mdudu wake anaitwa Rickettsia typhi. Charles Nicolle alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1928 kwa kuonyesha kwamba chawa ndiye mbebaji, lakini huku Marekani kusini kulikuwa na wagonjwa wasio na chawa hata mmoja. Mwaka 1926 Kenneth Maxcy alisema lazima kuna mnyama jamii ya panya nyuma yake. Mwaka 1931 Rolla Dyer na wenzake wakampata mdudu mwenyewe ndani ya viroboto wa panya waliokamatwa Baltimore. Baltimore hiyo hiyo ambayo sisi wa Sterling tunakwenda na kurudi siku moja! Mwaka 1944 Marekani iliandikisha wagonjwa zaidi ya 5,000, kisha DDT na vita dhidi ya panya vikaishusha, watu wakaisahau. Lakini haikwenda popote. Iko Texas, California na Hawaii. Los Angeles County peke yake iliandikisha wagonjwa 171 mwaka 2022, na watatu walikufa.

INAINGIAJE MWILINI

Kiroboto wa panya ndiye mbebaji mkuu, lakini kiroboto wa paka naye anaweza. Miji ya bandari ina panya wa melini tangu enzi za majahazi, na paka wetu wa mwambao mnawajua: hawana mwenyewe na kila nyumba ni yao.

Kinachoambukiza hasa si meno ya kiroboto, bali kinyesi chake. Anakuuma na papo hapo anakunya. Wewe unajikuna na kukisugua ndani ya kidonda. Pengine vumbi la kinyesi hicho huingia kwa pumzi au machoni, ndiyo maana kufagia ghala ni hatari. Mgonjwa hamwambukizi mwenzake. Homa huanza kati ya wiki moja na mbili baadaye. Fanyeni hesabu: mtu anaumwa na kiroboto Tanga, Mombasa au Unguja, anaaga, anapanda ndege, na homa inamkutia Virginia, London au Muscat.

Riketsia huishi ndani ya seli zinazotandika mishipa midogo ya damu. Ukilielewa hili umeelewa ugonjwa wote. Mishipa inavuja, na kwa kuwa mishipa iko kila mahali, ugonjwa unajitokeza kila mahali: mapafu yanajaa maji, figo zinakosa damu, ini linachubuka, ubongo unavimba.

KUITAMBUA

Dalili za mwanzo hazina upekee: homa kali, kichwa, maumivu ya misuli, kichefuchefu, pengine kikohozi kikavu. Upele hutokea kwa karibu nusu ya wagonjwa, kwa kawaida siku ya tano hivi, kifuani na tumboni. Anayengoja upele ndipo afikirie taifasi atawakosa nusu ya wagonjwa. Kwa ngozi yetu nyeusi atawakosa zaidi, maana vidoa vile vyekundu vya vitabuni kwetu ni kama kivuli. Lazima uangalie kwa mwanga mzuri. Tena kuna heshima zetu. Mimi mkwe sikuweza kumtazama mama, yeye mwenyewe hakupenda kufunuliwa mbele ya watu, na hospitalini alikaguliwa haraka haraka shuka ikiwa nusu. Ni mke wangu aliyekuja kuviona vidoa ubavuni wakati wa kumbadilisha nguo. Kama yuko ICU, mwombeni muuguzi wa kike amkague mwili mzima. Hilo si kukosa adabu.

Kwenye majibu ya maabara kuna alama nne ambazo zikija pamoja zinapaswa kumgutusha mtu: chembe sahani za damu zimepungua, vimeng'enya vya ini vimepanda, sodiamu imeshuka, na albumini imeshuka. Hazithibitishi kitu, lakini zikiungana na homa, kichwa na historia ya viroboto, panya au paka, inatosha kuanza dawa.

Kipimo chenyewe je? Hapa ndipo wengi wanapotegwa. Kipimo cha kawaida hutafuta kingamwili, na mwili huchukua wiki moja au zaidi kuzitengeneza. Sampuli ya kwanza mara nyingi husema hakuna. Uthibitisho ni sampuli mbili zilizopishana wiki mbili hadi nne, kiwango kikipanda mara nne au zaidi. Kipimo cha kwanza cha mama mkwe kilisema hakuna; cha pili, baada ya wiki tatu, kikasema ndiyo, tena kwa kishindo. Wakati huo alikuwa ameshakaa sebuleni kwetu anakunywa chai. Tungengoja majibu tungeyapokea matangani.

Wengi hupona, hata bila kujua waliugua nini. Kwa jumla wanaokufa hawafiki mmoja katika 100, lakini kwa waliolazwa bila dawa sahihi wanaweza kufika wanne. Wanaozidiwa zaidi ni wazee, wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD (ambao kwetu mwambao si wachache), na zaidi ya yote, waliocheleweshwa.

MATIBABU YA ALIYEZIDIWA

Dawa ni doksisaiklini. Mtu mzima hupewa miligramu 100 kila baada ya saa 12, na kwa mahututi madaktari wengi huanza na 200. Ni dawa ya zamani na ya bei ndogo, hata duka la dawa la Korogwe unaipata. Hutolewa angalau siku tatu baada ya homa kuisha, na kwa kawaida jumla huwa siku saba au zaidi kwa aliyezidiwa. Homa hushuka ndani ya siku mbili au tatu. Isiposhuka, fikirini ugonjwa mwingine.

Kwa mgonjwa wa ICU yako mambo ya kuzingatia.

Kwanza, dawa ipite kwenye mshipa. Mtu ambaye presha imeanguka tumbo lake halifyonzi vizuri. Kama ya mshipa haipo, kama ilivyo hospitali nyingi za nyumbani, vidonge husagwa na kupitishwa kwenye mpira wa puani, lakini visichanganywe na maziwa, madini ya chuma au dawa za kiungulia, maana hivyo huizuia isifyonzwe.

Pili, ni kuongeza, si kubadilisha. Mgonjwa mahututi ambaye bado hajajulikana anaumwa nini anaendelea na seftriaksoni yake, na kama ametoka kwetu anapimwa malaria kwanza tena zaidi ya mara moja. Doksisaiklini inaongezwa juu. Faida nyingine ni kwamba inagusa pia homa za kupe, homa ya Q na leptospirosisi, ambazo zote zinafanana na hii. Seftriaksoni peke yake haitoshi kwa sababu dawa za jamii ya penisilini na ndugu zake hazimfikii mdudu aliyejificha ndani ya seli.

Tatu, maji ya dripu kwa kipimo. Presha ikishuka mkono unakimbilia dripu, lakini mishipa inavuja, na maji yakizidi yanaishia mapafuni. Kwa mgonjwa wa namna hii dawa za kupandisha presha huanzishwa mapema, na anayepumua kwa shida asaidiwe kabla hajachoka. Figo zikigoma anasafishwa damu kwa muda. Mara nyingi hurudi.

Nne, kuna yanayojificha nyuma. Moyo unaweza kuvimba, damu ikaganda ovyo huku mgonjwa anavuja, au kinga ya mwili ikawehuka ikaanza kula chembe za damu zake yenyewe. Homa ikigoma na chembe za damu zikazidi kushuka, daktari atataka kupima feritini.

Tano, dawa za sulfa. Katika magonjwa ya riketsia zinajulikana kuzidisha hali. Nalisema hili kwa sababu Septrin kwetu ni kama peremende, na Fansidar bado iko kwenye makabati ya watu wengi. Mtu ana homa asiyoijua, anajimezea. Jamani, acheni.

Azithromaisini je? Utafiti wa Laos uliochapishwa mwaka 2019 uliilinganisha na doksisaiklini kwa wagonjwa wa taifasi ya viroboto wasio mahututi, na azithromaisini ilishindwa kwa wagonjwa wengi zaidi. Kwa hiyo ni ya akiba tu. Kwa watoto, ile hofu ya zamani ya meno kubadilika rangi haijaungwa mkono na tafiti za karibuni kwa dozi fupi, na huku Marekani mamlaka za afya zinapendekeza doksisaiklini kwa umri wowote. Mjamzito ajadiliwe na bingwa, lakini kujadili kusiwe kisingizio cha kulaza dawa.

KWETU JE?

Pengine mtu atauliza: hii ni homa ya Texas, sisi inatuhusu nini? Moshi walifanya utafiti mzuri katika hospitali za KCMC na Mawenzi, kuanzia Septemba 2007 hadi Agosti 2008. Walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa. Madaktari waliwahesabu 528 kuwa na malaria. Vipimo vilipofanywa sawasawa, waliokuwa na malaria kweli ni 14 tu. Nasema tena: 14! Zaidi ya robo ya waliopimwa kikamilifu walikuwa na maradhi ya bakteria yatokayo kwa wanyama. Wa taifasi walikuwa wawili tu, lakini binamu zake, homa za kupe, walikuwa 36 kati ya 450, na dawa yao ni hiyo hiyo. Kutoka Siaya, Kenya, riketsia mpya iliyopatikana ndani ya viroboto imepewa jina la eneo la kwetu: Rickettsia asembonensis, ya Asembo.

Kwa hiyo wadudu hawa wapo kwetu. Kinachokosekana ni kuwafikiria. Homa kwetu ina majina mawili, malaria na taifodi, na mtu akipona kwa bahati au akifa, jina linabaki lile lile.

TUFANYE NINI

Mwenye mgeni kutoka nyumbani, au aliyerudi likizo, akipata homa ndani ya wiki tatu, aende hospitali siku hiyo hiyo, malaria ipimwe kwanza. Kisha aseme bila kungoja kuulizwa: nimetoka mahali fulani, nililala wapi, kulikuwa na panya, paka, viroboto, kupe au papasi. Asiyejua Kiingereza aandikiwe karatasi. Kama mkalimani anasema "taifodi", mwulizeni daktari aliandike jina, mlisome wenyewe. Na siku ya tatu au ya nne antibiotiki za kawaida zikiwa hazijafanya kitu, ulizeni kwa adabu lakini waziwazi: "Doksisaiklini imeshafikiriwa?" Swali hilo halimvunjii daktari heshima.

Na kwa walio nyumbani: ukitaka kuwaua panya, anza na viroboto. Piga dawa ya wadudu kwanza, sumu ya panya baadaye. Panya akifa, kiroboto anahama, na mwenyeji mpya wa karibu ni wewe uliyeshika ufagio. Hilo ndilo lililomkuta mama.

Mke wangu bado hujilaumu kwa yale maneno aliyokuwa nayo asiyasema. Mimi humwambia kosa ni letu sote. Tuliona aibu kutaja panya mbele ya watu wa koti jeupe, na aibu hiyo nusura itugharimu mzazi. Panya si aibu, wapo hata Washington. Wataje.